Usijipime kwa mkanda wa suruali: jibu kwa dereva wa daladala

SWALI

"Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa daladala hapa Dar es Salaam, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Naamka saa tisa na nusu usiku, narudi nyumbani saa tatu au saa nne usiku. Asubuhi napiga chai na maandazi, mchana chipsi mayai na soda, na jioni nikianza kusinzia nakunywa kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Mwaka huu nimebadilika. Sina hamu na kitu, nawafokea watoto bila sababu, nikilala naamka nimechoka vilevile. Juzi walikuja watu wa afya stendi, presha yangu ikawa 152 kwa 96. Mke wangu anasema nina mawazo. Jamaa wa kijiweni wanasema nile vizuri na nifanye mazoezi, mwingine ananiuzia vidonge vya kusafisha ubongo. Mimi naona mazoezi ni mambo ya watu wenye muda. Konda wangu anakula chipsi hizohizo na soda hizohizo, na anacheka siku nzima. Je, ni kweli chakula na mazoezi vinabadili hata akili? Na mtu wa usukani kama mimi naanzia wapi?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na asante kwa kuandika bila kuficha. Wanaume wengi wa kazi yako wananiletea presha peke yake. Habari ya kuwafokea watoto huja mwishoni kabisa, mtu ameshashika kitasa cha mlango anataka kutoka. Wewe umeyaweka yote kwenye barua moja, na hapo ndipo yanapostahili kukaa, kwa sababu ninavyokusoma naona ni shida moja. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari wa magonjwa ya akili. Nitakueleza ninayoyajua, kisha nitakutuma kwa wanaonizidi.

Nianze na konda wako. Swali hilo liliulizwa London miaka zaidi ya 70 iliyopita. Daktari Jeremy Morris na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile. Dereva alikaa kwenye usukani zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Wote waliishi mji mmoja na kuvuta moshi uleule. Matokeo yalitoka mwaka 1953: makonda walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na ulipowapata haukuwaua kwa wingi uleule. Baadaye wakapekua kumbukumbu za sare, wakalinganisha viuno vya suruali. Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini unene haukutosha kueleza tofauti ile, maana hata konda mwenye kitambi alikuwa na nafuu kuliko dereva wa umbo lake.

Nimekaa kidogo kwenye habari hii kwa sababu naijua hofu yako. Mtu akisikia "mazoezi" anajiangalia tumbo, anafanya wiki tatu, tumbo halijaondoka, anaacha. Ukweli ni kwamba mazoezi peke yake hupunguza uzito kwa shida sana, kinyume na wanavyokuahidi matangazo. Kinachobadilika mapema ni vitu visivyoonekana kwenye kioo: presha, sukari ya damu, usingizi, na namna unavyomjibu mtoto anapomwaga maji mezani. Ndiyo maana nakuomba uuache mkanda wa suruali. Utakudanganya na kukukatisha tamaa.

Na usimwonee wivu konda moja kwa moja. Huenda bado kijana, na mwili wa kijana husamehe mengi. Chipsi na soda zitamdai naye siku moja. Ila ile kupanda na kushuka, kusimama mlangoni na kukimbilia abiria, inamlipia sehemu ya deni kila siku bila yeye kujua.

Sasa twende kwenye akili. Ukitembea haraka, misuli mikubwa ya mapaja hujibana na kuachia. Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake wenyewe na kuvuta sukari kutoka kwenye damu, hata insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, ikiwa inasuasua. Mishipa ya damu hutanuka, na baada ya kutembea presha hubaki chini kwa saa kadhaa. Ubongo nao hupata damu nyingi zaidi, na mwili huachia kemikali zinazolisha chembe za ubongo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwachukua wazee 120. Nusu walitembea kwa dakika 40 mara tatu kwa wiki, nusu wakafanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ambayo kwa kawaida husinyaa uzeeni, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 kwa wale waliotembea. Kwa wengine iliendelea kusinyaa.

Kuhusu huzuni yenyewe, mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo ya watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kundi moja lilipewa dawa, la pili mazoezi, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Wa dawa walianza kuona nafuu mapema zaidi, na hilo nakuomba ulikumbuke, kwa sababu mtu aliyezama sana hawezi kuambiwa "nenda ukatembee" halafu aachwe. Lakini kwa aliye pale ulipo wewe, anayekwenda kazini huku moyo umefifia, mwendo ni tiba halisi. Hao jamaa zako wa kijiweni wamesema kweli, hata kama hawakujua sababu yake.

Chakula sasa, na hapa nina furaha kukupa mfano wa nyumbani. Watafiti wa hospitali ya KCMC pale Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya njema wa Kaskazini mwa Tanzania. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2025. Wale waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, yaani ndizi, maharage, bamia, nafaka zisizokobolewa na mboga za majani, walihamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Wale waliozoea chakula cha kizungu wakarudishwa kwenye kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na mboga. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wa makundi mawili ya kwanza walibadilisha chakula kwa wiki mbili tu. Ndani ya wiki hizo mbili, damu ya waliohamia kwenye soseji na chipsi ilionyesha dalili za mchochota, na chembe zao za kinga zikawa nzito kupambana na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili ilikuwa kinyume chake: mchochota ulipungua. Walipopimwa tena wiki nne baada ya jaribio, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo. (Kuhusu mbege, usinielewe vibaya. Nayo ilipunguza mchochota, lakini ni pombe, na pombe ya kila siku huharibu usingizi na kuongeza huzuni. Simshauri mtu mwenye dalili zako aanze kunywa.)

Mchochota ni nini na unahusianaje na kuwafokea watoto? Kumbuka mara ya mwisho ulipougua malaria. Hutaki kula, hutaki kuongea, mwanga unakuudhi, mtoto akicheka unaona anakupigia kelele. Vimelea havikuja kukukatisha tamaa ya maisha. Mwili wako ulitoa kemikali za vita, na kemikali hizo zikaifikia akili na kuiambia: jifungie ndani, pumzika, usishirikiane na mtu. Ni mpango mzuri kwa siku nne za ugonjwa. Shida huanza pale kemikali zilezile zinapotoka kidogo kidogo kila siku kwa miaka, kama moto wa pumba unaoungua chini bila kuonyesha mwali. Chakula kilichokobolewa na kukaangwa sana, sukari nyingi, kukaa muda mrefu, mafuta ya tumboni na usingizi mfupi, vyote hutia pumba kwenye moto huo. Sisemi kila sonona inatokana na hapo. Misiba, madeni na mambo ya kurithi vipo. Lakini katika ratiba yako ya siku sioni saa ambayo moto huo unapata kupoa.

Kwamba chakula kinaweza kuugeuza moyo, si nadharia tu. Australia mwaka 2017 timu ya Profesa Felice Jacka ilichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wakiwa kwenye tiba ya kawaida. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe kula kunde, samaki, mboga, matunda, karanga na nafaka zisizokobolewa. Nusu walipata mtu wa kuzungumza nao kirafiki kwa muda uleule. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya waliobadili chakula walikuwa wamepona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 8. Na uzito wao haukubadilika. Mikanda ilibaki kwenye tundu lilelile, ila watu walikuwa wamebadilika.

Huyo anayekuuzia vidonge vya kusafisha ubongo mwache na biashara yake. Wauzaji hao hupenda kusema kwamba asilimia 90 ya kemikali ya furaha, serotonini, hutengenezwa tumboni, kwa hiyo ukimeza dawa yao furaha inapanda kichwani. Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli, kwa sababu serotonini ya tumbo haivuki kuingia kwenye ubongo. Tumbo na ubongo huongea kwa njia nyingine: kwa neva, kwa kinga ya mwili, na kwa vitu vinavyotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapokula nyuzinyuzi. Na nyuzinyuzi hazipo kwenye kidonge hicho. Zipo kwenye maharage.

Niliwahi kualikwa kuzungumza na madereva stendi. Nilijua hotuba haitawafaa watu wanaosubiri zamu ya kupakia, kwa hiyo nilichukua glasi tupu, kijiko cha chai na mfuko wa sukari. Nikaomba dereva mmoja aniwekee kwenye glasi sukari anayodhani imo kwenye soda ya nusu lita. Akaweka vijiko vinne, wenzake wakasema amezidisha. Nikaendelea mimi: cha tano, cha sita, cha saba. Kwenye cha tisa kelele zilikuwa zimekwisha. Nilisimama kwenye cha kumi na mbili, maana chupa ya kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke takribani gramu 50 kwa siku nzima, akiweza gramu 25. Yule dereva akainua glasi, akaitikisa, akasema, "Mama, na bado kuna chai ya asubuhi." Alikuwa ameshaelewa kila kitu.

Wewe unakunywa sukari hiyo mchana, inapanda haraka, insulini inaifukuza, na baada ya saa mbili unasinzia kwenye foleni. Kisha unachukua kinywaji cha kuongeza nguvu, sukari tena pamoja na kafeini. Kafeini huchukua karibu saa tano kupungua kwa nusu. Ukiinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inazunguka, na wewe una usingizi wa saa tano tu wa kutegemea. Usiku ukilala vibaya, kesho yake mwili unadai vya sukari na mafuta zaidi. Hapo utasema huna nidhamu. Mimi naona mtego zaidi kuliko ukosefu wa nidhamu, na kamba yake rahisi kukata ni soda.

Kwa hiyo anzia hapo. Maji badala ya soda, siku sita kwa wiki. Najua kwa nini madereva hawanywi maji: choo hakuna njiani, na kubanwa na mkojo kwenye foleni ni mateso. Kunywa glasi mbili mara tu unapofika mwisho wa ruti penye choo, na nyingine kidogokidogo njiani. Mwili uliokaukiwa unaumwa kichwa na kupoteza umakini, na wewe umebeba roho za watu.

La pili ni sahani ya mchana. Hama kwenye kibanda cha chipsi, nenda kwa mama lishe. Mara nyingi bei haitazidi chipsi mayai na soda. Usimwombe chakula cha mgonjwa. Mwambie: "Mama, nipunguzie ugali kidogo, niongezee maharage na mchicha." Ukipata anayepika dona badala ya sembe, huyo mng'ang'anie. Dagaa, kibua, kunde, choroko, kisamvu, matembele, mlenda, vyote hivyo ni sawa na kile walichokula wale wa Australia, ila kwa majina yetu. Mboga na maharage vina potasiamu, madini yanayosaidia figo kutoa chumvi, na chumvi ndiyo mafuta ya taa kwenye presha yako. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ukishikilia kichupa cha chumvi juu ya chipsi unaweza kufika mbali kabla mchana haujaisha. Asubuhi badilisha maandazi kwa mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu na yai, na chai iwe ya sukari kijiko kimoja. Wiki mbili za kwanza itakuwa kama dawa. Ulimi utazoea.

Chipsi sikukatazi maisha yote. Jumamosi na watoto, kula kwa raha.

La tatu ni mwendo, na hapa ndipo uliposema ni mambo ya watu wenye muda. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo lakini bado unaweza kuongea. Huhitaji kuzifanya kwa mkupuo. Tangu mwongozo wa mwaka 2020, kila dakika inahesabiwa. Gari likiwa kwenye mstari wa kusubiri zamu, shuka. Usikae kijiweni. Izunguke stendi kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, dakika 10, hasa baada ya chakula cha mchana, maana ndipo sukari inapopanda. Mara tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, hesabu yako imetimia. Mara mbili kwa wiki shika mlango wa gari, chuchumaa na kuinuka mara 10, pumzika, rudia. Kisha egemea ubavu wa gari ujisukume kwa mikono mara 10. Wenzako watakucheka siku ya kwanza. Wiki ya pili mmoja atakuja kusimama pembeni yako, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Sasa yale ambayo lishe haiwezi. Kipimo kimoja stendi, ukiwa umetoka kugombana na abiria, hakitoshi kukupa jina la mgonjwa wa presha. Rudia kituo cha afya siku mbili tofauti, ukae kimya dakika tano kabla ya kupimwa, bila kahawa wala sigara. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, daktari ataamua kuhusu dawa, na ukipewa usiiache kwa sababu umeanza kutembea. Omba pia wapime sukari na wingi wa damu, na waambie kuhusu uchovu, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huvaa sura ileile ya kukata tamaa.

Kisha muulize mke wako jambo moja: unapolala unakoroma kwa nguvu, halafu pumzi inakatika kidogo, halafu unashtuka kama mtu aliyekabwa? Kama ndivyo, mweleze daktari kabla ya yote. Hali hiyo humnyima mtu usingizi bila yeye kujua, hupandisha presha, huondoa raha, na humfanya dereva asinzie kwenye usukani. Saa unazolala zinaweza zisiwe na faida hata kidogo.

Na jambo hili nakuambia kama dada yako. Ikitokea siku ukaona afadhali usiwepo, au ukafikiria kujidhuru, usisubiri wiki 12 za maharage. Mwambie mke wako siku hiyohiyo, muende pamoja hospitali ya wilaya au ya rufaa, mtafute kitengo cha afya ya akili. Wamezoea kupokea madereva, walimu, askari na mashehe. Hakuna atakayekushangaa.

Wiki hii fanya mawili tu: soda iondoke, na dakika 10 baada ya chakula cha mchana. Sahani ya mama lishe ije wiki ya pili, kuchuchumaa wiki ya tatu. Andika kwenye kile kidaftari cha hesabu ya bosi, ukurasa wa nyuma, kila usiku alama mbili: nililalaje jana, na leo niliongeaje na watoto. Uzito usiuandike. Baada ya wiki nane nitumie ukurasa huo pamoja na vipimo vya presha vya kituo cha afya, nitakujibu kwa alama ulizoandika.